Kimashine cha Jeki

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifua. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na majirani kwa sababu hakuwahi kuonekana akifanya kazi huku amefunga mdomo. Mama yake, mshona sare za shule, aliondoka mapema kuwapelekea wateja nguo zao. Kaka yake naye alikuwa keshakwenda kazini. Chiriku alibaki uani na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, pamoja na rundo la nguo za watu watatu.

Kaka huyo aliitwa Jeki. Alikuwa fundi wa matairi, na kama kile chombo cha kuinulia magari ambacho jina lake ndilo alilopewa, alikuwa na nguvu nyingi na namna moja tu ya kuzitumia. Jambo likimkera, mkono wake ulitangulia na maswali yakafuata. Mara nyingine maswali hayakufika kabisa. "Ndivyo alivyo," watu walisema, na kwa kusema hivyo wakajipunguzia kazi ya kumrekebisha.

Mali aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kicheza muziki kidogo, ukubwa wa kibiriti, chenye kamba ya kuvalia shingoni na hedifoni nyeusi. Nyumbani kiliitwa kimashine. Kilihifadhi mamia ya nyimbo, tena kiliweza kurekodi sauti. Jeki alikuwa amerekodi sauti yake mwenyewe akiimba. Hakuna aliyewahi kumwambia ukweli kuhusu uimbaji wake, kwa sababu ambazo zimekwisha kutajwa.

Kimashine hakikwenda kazini kwa kuhofia grisi na vumbi. Kilikaa chini ya mto wa Jeki, na amri ilikuwa moja: kisiguswe. Chiriku alikigusa kila Jumamosi.

Siku hiyo alikivaa shingoni, akaweka hedifoni masikioni, akaanza kufikicha kola za mashati huku akiimba kwa sauti kubwa. Alipoinama kuchukua sketi yake ya shule, fundo la kamba likafunguka. Kimashine kikatumbukia ndani ya ndoo ya sabuni, na wimbo ukakatika katikati ya neno.

Alikifuta kwa taulo, akakianika juani, akakitikisa, akakipuliza. Alipobonyeza kitufe, kimya. Mchana alikifunga ndani ya kitambaa na kukipeleka kwa fundi wa redio, mtu mwembamba mwenye ndevu chache na kofia ya sufu ya kijivu, ambaye kibanda chake kilikuwa mkabala na soko.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kimekunywa maji?"

"Maji na sabuni."

"Basi hata kikifa, kitakufa kisafi. Ni chako?"

"Cha nyumbani."

"Na huko nyumbani wanajua?"

"Watajua," alisema Chiriku.

Fundi alimtazama kidogo, kisha akakipokea. "Kiache. Njoo Jumatatu ukitoka shule." Hakumwuliza jina.

Jioni ile Jeki aliinua mto wake.

"Chiriku! Kimashine kiko wapi?"

Swali na kofi vilifika pamoja. Chiriku aliyumba, akashika ukuta, na alipoinua macho aliona kiganja cha kaka yake kinapanda tena.

"Nimeporwa!" alipiga kelele.

Kiganja kilisimama hewani. "Nani kakupora?"

"Mtu! Nilikuwa naenda dukani. Akaninyang'anya, akakimbia."

"Mtu gani? Yukoje?"

Uongo wa ghafla hauna muda wa kwenda mbali. Huchukua kilicho karibu. Sura ya mwisho ambayo Chiriku alikuwa ameitazama siku hiyo ndiyo iliyomjia.

"Mwembamba. Ana kofia ya sufu, ya kijivu. Ana vindevu."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, alitambua ni nani aliyemweleza. Angeweza kuyabadilisha. Lakini kiganja kilikuwa kimekwisha kushuka, na sasa kilikuwa kikimpapasa kichwani kwa upole ambao hakuuzoea.

"Pole, mdogo wangu. Nitampata huyo. Nikimpata, atanijua."

"Dukani ulifuata nini?" Mama aliuliza kutoka kwenye cherehani. "Mimi sikukutuma."

"Mama, mwache mtoto. Ameporwa," alisema Jeki.

Chiriku alijifariji kwamba Jumatatu atakichukua kimashine, atasema amekiokota njiani alipokitupa yule mporaji, na watu wote watashangaa pamoja. Ulikuwa mpango mzuri, ila ulihitaji kila mtu mwingine akae alipo bila kusogea.

Jumatatu alasiri Jeki alitumwa na tajiri yake sokoni kununua gundi ya viraka. Wakati huohuo fundi wa redio alikuwa amemaliza kazi. Alikuwa amekausha kimashine, amesafisha kutu, na sasa amekiunganisha na spika kubwa ili akijaribu. Akabonyeza kitufe. Sauti iliyotoka ikasambaa mtaa mzima, na Jeki akasimama katikati ya barabara, kwa kuwa sauti ile ilikuwa yake.

Alikwenda hadi kibandani. "Nani anaimba hapo?"

"Simjui, ndugu yangu," fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Lakini kama ni jamaa yako, mshauri atafute kazi nyingine."

Ngumi ilimpata mdomoni. Jeki alimshika shati, akamvuta juu ya meza, na skrubu, nyaya na redio za watu vikamwagika pamoja naye barabarani.

"Umekitoa wapi?"

"Kimeletwa!" Fundi alitema damu na kipande cha jino. "Kimeletwa na mtoto wa shule!"

"Mtoto gani? Anaitwa nani?"

"Sikumwuliza."

"Hukumwuliza! Mwizi huyu! Amempora mdogo wangu!"

Neno hilo moja lilitosha. Watu walitoka madukani na vichochoroni. Wa mbele waliuliza kuna nini. Wa nyuma hawakuuliza. Jeki aliwaeleza huku akipiga teke: sauti ni yangu, kofia ndiyo hiyo ya kijivu, ndevu ndizo hizo. Kila alichosema kilikuwa kweli. Kila kipande cha ushahidi kilikuwa cha kweli, na vyote kwa pamoja vilimhukumu mtu asiye na kosa.

Mwenye bucha alifika akiwa bado amevaa aproni. Mwanamke mmoja alikumbuka beseni lake lililopotea mwaka uliopita, akampiga fundi kwa kiatu kwa ajili ya beseni hilo. Mzee mmoja ambaye hakuwahi kuibiwa kitu chochote alileta fimbo. Jiwe lilimpasua fundi juu ya jicho. Alijikunja, akafunika kichwa kwa mikono, na mtu mwenye buti akamkanyaga mkono wa kulia. Waliokuwa karibu walisikia vidole vikivunjika. Juu ya meza iliyopinduka nusu, spika iliendelea kuimba.

"Tairi!" mtu alipaza sauti. "Leteni tairi! Na petroli!"

Hapakuwa na haja ya kueleza tairi lilikuwa la kazi gani. Jeki alisita. Kwa mara ya kwanza mkono wake ulikuwa umechelewa.

"Jamani, ngojeni," alisema. "Inatosha. Tumpeleke polisi."

"Polisi watamwachia!" alijibu mwenye fimbo, na akamsukuma Jeki pembeni kama mtu asiyehusika. Vijana wawili walikuwa tayari wanavingirisha tairi kuukuu kutoka karakana ya jirani alikofanya kazi Jeki mwenyewe.

Chiriku alikuwa anatoka shule na wenzake.

"Kuna mwizi wanammaliza kule!" rafiki yake alisema. "Twende tukaone!"

Walipokaribia, aliona kofia ya kijivu imelala matopeni. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kutisha kwa jinsi lilivyokuwa wazi: mtu mmoja tu ndiye aliyejua ukweli pamoja naye, na mtu huyo alikuwa karibu kufa. Angegeuka na kwenda nyumbani, hakuna ambaye angejua kamwe.

Alitupa mkoba wake, akajipenyeza katikati ya watu.

"Siyo mwizi!" alipiga kelele. "Mwacheni! Siyo mwizi!"

Hakuna aliyemsikia. Fimbo iliyokuwa inamwendea fundi ilimpata yeye begani, akaanguka. Alitambaa katikati ya miguu, juu ya vioo vilivyovunjika, hadi chini ya meza. Akaushika waya wa spika kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote.

Wimbo ulikatika. Kimya cha ghafla kiliwageuza watu vichwa.

"Mimi ndiye niliyempelekea!" Chiriku alisimama, magoti yakivuja damu. "Kilitumbukia kwenye ndoo nikifua! Nikamletea atengeneze! Sikuporwa na mtu. Nilidanganya!"

"Nani kakutuma useme hivyo?" aliuliza mwenye fimbo, ambaye hakupenda kukatizwa kazi.

"Sijatumwa. Mimi ndiye mdogo wake. Mwulizeni kaka yangu, yule pale."

Watu walimtazama Jeki. Jeki alimtazama Chiriku.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipiga."

Alilisema hilo mbele ya mtaa mzima, tena bila ukali, kama mtu anayetaja saa. Jeki aliitazama mikono yake. Damu iliyokuwa kwenye vifundo vya vidole haikuwa yake.

Mwenye bucha alikumbuka kwamba ameacha nyama peke yake. Mwanamke wa beseni alikumbuka chungu jikoni. Aliyeshika chupa ya petroli alianza kuitazama kana kwamba ameiokota. Baada ya muda mfupi barabara ilikuwa tupu, na tairi limelala chini bila mwenyewe. Waliobaki ni wawili tu, Jeki na mdogo wake. Walimweka fundi juu ya mkokoteni wa karakana wa kubebea matairi, wakamsukuma hadi hospitali.

Alikuwa amevunjika ubavu mmoja na vidole viwili, na alishonwa juu ya jicho. Siku ya tatu, alipoweza kuzungumza, Mama aliwapeleka watoto wake wote wawili mbele ya kitanda chake.

"Fundi, sikuja kuwatetea," alisema. "Ukitaka kwenda polisi, nitawapeleka mwenyewe."

"Hilo nitaliamua nikiweza kushika kalamu," alijibu fundi kupitia midomo iliyovimba. Kisha akamgeukia Chiriku. "Sogea, mwanangu. Jumamosi ile kulikuwa na makofi yanakuja kwako. Ukayakwepa kwa uongo. Ulidhani yamepotea hewani?"

Chiriku alitikisa kichwa huku akilia.

"Hayakupotea. Uliyaelekeza kwangu, na yalipofika yalikuwa yameongezeka mawe, fimbo na tairi. Ukweli ungekuuma jioni moja. Uongo wako nusura uniue. Ulinirudishia uhai wangu, ni kweli, na hilo sitalisahau. Lakini ni wewe uliyekuwa umeuweka rehani."

"Nisamehe, Fundi."

"Leo siwezi. Mbavu zinauma. Niulize tena."

Jeki alikohoa, akataka kusema jambo. Mama alimkatiza. "Wewe usijifiche nyuma ya mtoto. Mtoto haogopi ukweli bila sababu. Amejifunza kwako kwamba mkono wako unafika kabla ya sikio. Hukumsikiliza yeye, hukumsikiliza Fundi, na siku ulipotaka watu wakusikilize wewe, nao walikuwa kama wewe. Na mimi nina langu. Miaka yote nimesema ndivyo ulivyo. Silisemi tena."

Jeki aliinamisha kichwa. Alilipa matibabu yote kwa mshahara wake, na baada ya kazi alijenga upya kibanda alichokivunja, ubao kwa ubao. Fundi alipotoka hospitali mkono ukiwa ndani ya plasta, Chiriku alikwenda kila alasiri kuwa mkono wake wa kulia. Alishika skrubu alipoambiwa shika, akaachia alipoambiwa achia, na mara nyingi aliachia mapema.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa nyingine. Fundi alimtaka amwambie kila mteja, kwa mdomo wake mwenyewe, yaliyotokea. Wateja walikuwa wachache. Wengine walimsikiliza, wakaacha redio zao zitengenezwe. Wengine walinong'ona kwamba mtoto amefundishwa maneno. Chiriku aliyarudia hata hivyo, mpaka ikafika siku ambayo wateja walianza kumkatiza: "Tunajua, tunajua, tengenezeni tu." Plasta ilipokatwa, kidole kimoja kilikataa kukunjika kabisa. Fundi hakufungua kesi. Chiriku alipouliza tena lile swali lake, alijibiwa, "Nimekusamehe. Sasa shika skrubu vizuri."

Wiki chache baadaye, asubuhi, Chiriku alikuwa akipiga pasi shati la kazi la kaka yake. Aligeuka kidogo tu, na aliporudi, mgongo wa shati ulikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Hakulificha chini ya rundo. Alilibeba hadi chumbani.

"Kaka, nimeunguza shati lako. Nilikuwa naangalia pembeni."

Mkono wa Jeki ulipanda. Chiriku hakusogea. Mkono ulikaa juu kwa muda, kana kwamba umesahau ulichokwenda kufanya huko. Kisha ukashuka, ukachukua shati.

Jeki alilivaa vilevile, akaenda nalo kazini. Mafundi wenzake walimcheka mpaka saa ya chakula, na mmoja akamwuliza ni nani aliyemwekea muhuri mgongoni.

"Mdogo wangu," alisema Jeki akikaza nati. "Na aliniambia mwenyewe."