Dakika Hamsini Kutoka Boulia

Mke wangu Lorna aliumwa na nyoka jua likielekea kuzama, akianua nguo kambani. Nyoka wa kahawia, mwenye sumu ya kuua. Kwenye kifundo cha mguu.

Barabara ya kutoka kwetu Boulia kwenda Mount Isa, kwenye hospitali, ilikuwa chini ya maji ya mafuriko kwa wiki ya pili. Siku za ukavu, kwa gari ni saa tatu. Kwa ndege yangu ndogo, ile ninayoswagia ng'ombe toka angani, ni dakika hamsini. Nimeruka njia hiyo miaka kumi na tisa.

Nilimfunga mguu, nikamlaza kiti cha nyuma, tukaruka saa kumi na mbili na dakika kumi. Tangi lilikuwa limejaa: mafuta ya saa nne na nusu.

Rafiki yetu Bev alikuwa anatungoja uwanjani Mount Isa, redio mkononi, gari la wagonjwa kando yake.

"Taratibu tu, Ross," aliniambia redioni. "Daktari yupo tayari. Usinifanyie mbwembwe zako leo."

Giza lilipotanda, niliuona mwanga mbele. Mweupe, wa duara, umetulia.

Nikashusha pumzi. Uwanja ule.

Nikaanza kushuka. Mwanga haukukaribia. Nikashuka tena... vilevile. Redio ikakoroma, kisha ikanyamaza. Ndani ya ndege kukanuka tope bichi na manyoya yaliyolowa.

"Bev?"

Nikabonyeza tena kitufe cha redio.

Kisha watu wakaanza kunong'ona redioni. Wengi. Sikushika neno hata moja.

"Ross." Lorna alikuwa amejikokota mpaka begani kwangu. Pumzi yake ilikuwa baridi. "Usiufuate."

"Ni uwanja, mpenzi. Tumefika."

"Uwanja una taa nyingi. Huo mwanga ni mmoja."

Watu wa Boulia tunaujua mwanga wa Min Min. Hufuata wasafiri. Wazee husema usiufuate, hutarudi. Nilikuwa nikiwacheka.

Nikatazama chini.

Maji. Matawi ya miti yalikuwa karibu kugusa magurudumu.

Nikavuta usukani kwa mikono yote miwili huku nikimwomba Mungu, mimi nisiyesali. Ndege ikapanda ikitetemeka. Mwanga ukazimika. Na papo hapo, mbele yetu, taa za Mount Isa, safu mbili, na sauti ya Bev: "Nakuona, kaka. Teremka."

Nilitua saa moja kamili. Saa yangu ilisema hivyo, na ya Bev pia. Dakika hamsini.

Lakini mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa.

Hospitalini daktari alitoka na karatasi ya vipimo.

"Aliumwa saa ngapi?"

"Kumi na mbili kasoro."

"Usinidanganye, bwana. Sumu hii imezunguka saa nne, au zaidi. Figo zimeshaharibika."

Nikaapa. Hakuniamini.

Lorna aliishi. Tumeuza ng'ombe, tumehamia Mount Isa, na mara tatu kwa wiki mashine humsafisha damu. Ndege sijaigusa tena.

Nilimuuliza mara moja tu kama anakumbuka saa zile zilizopotea. Alikuwa akimenya viazi. Kisu kikasimama.

"Nazikumbuka zote," alinong'ona. "Nilikuwa nakuita, Ross. Hukugeuka. Ulikuwa unaongea nao, wale wa redioni."

"Nilisema nini?"

Akaanza kumenya tena.

"Walikuwa wanakuomba uwape mimi. Nawe ukawa unawaambia wangoje kidogo."