Amri ya Kolonele Fadhili

Risasi ya pili ilivunja kioo cha pikipiki.

Mathilde aliinama juu ya tangi la TVS yake, akapinda kona, akachomoa bastola ya Makarov. Alifyatua mara moja. Gurudumu la mbele la pikipiki ya watu wa Fadhili waliomfukuza lilipasuka, wakaanguka mtaroni.

Kilomita mbili mbele alisimama kupokea simu yake ya setilaiti, Thuraya. Aliyepiga alikuwa mkuu wake wa ujasusi, kutoka mji wa Kasongo.

"Sheria mupya imetiwa sahihi. Sekta ya jeshi ya Kasongo imefutwa. Kolonele Fadhili hana tena jeshi, lakini iko anatoa amri kwa redio. Anasema kikosi chenye kulinda daraja ya Wamaza kiondoke saa ine."

"Halafu?"

"Watu wake wa bunduki wapite, wakamate machimbo ya zahabu ya Salamabila. Kijiji iko mu njia yao."

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Darajani, askari walikuwa tayari wanapakia mizinga kwenye lori. Kapiteni Kamaldine, mkuu wao, alishika redio ya Motorola. Mathilde alimwonyesha kitambulisho, akampigia kamanda mpya aliyechukua nafasi ya Fadhili, akampa Kapiteni simu.

Kamaldine alisikiliza, akairudisha.

"Huyu simujui, mama. Fadhili alinitoa mu moto. Alinibeba mugongoni siku mbili. Karatasi ya Kinshasa itafuta ile?"

Mathilde alimwonyesha kijiji ng'ambo ya mto.

"Basi umuulize yeye. Raia waende wapi?"

Kapiteni alibonyeza redio, akauliza.

Redio ilikwaruza. "Raia si kazi yako, mutoto wangu. Ondoka."

Kamaldine alishusha redio. Aliwatazama wanawake waliokuwa wakianika mihogo ng'ambo ya mto. Akabonyeza tena.

"Tumeondoka, kolonele. Njia iko wazi."

Askari walijificha ukingoni. Saa nne na robo Land Cruiser ya Fadhili ilipanda daraja, malori matatu ya watu wake nyuma.

Bunduki za kikosi zililia dakika saba.

Malori yaligeuka na majeruhi wake. Askari wawili wa Kamaldine walilala wafu ukingoni. Kolonele Fadhili alishuka garini akivuja damu.

"Kamaldine, unanipiga mimi?"

Mkono wake ulishuka kwenye bastola.

Kapiteni alimwahi kwa risasi moja.

Kisha akaketi chini, akavua koti lake, akamfunika kolonele uso.

Thuraya ya Mathilde ililia. Alikuwa mkuu wake.

"Ripoti."

"Daraja iko yetu. Kolonele amekufa."

"Nani amemupiga?"

Mathilde alimtazama Kamaldine. Kapiteni alikuwa ameshika mkono wa maiti.

"Mimi," alisema Mathilde.

Alikata simu, akawasha pikipiki, akashika njia ya Kasongo.