Taa Sita Ndani ya Ukungu

Rafiki yangu ni rubani, na si mtu wa kutia chumvi. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka hadi chini, na ndege yake, ikiwa imejaa abiria, ilisimama mwanzo wa njia ya kurukia. Fundi wa chini alishachomoa puani mwa ndege waya wake wa simu, ule unaopeleka sauti yake kwenye spika za masikioni za marubani, akawaaga, akaondoka na trekta. Mbele walibaki rafiki yangu na msaidizi wake, kana kwamba dunia imehama ikawasahau.

"Tukiona taa sita tunaruka," alisema rubani. Ndiyo kawaida yao ukungu ukizidi: taa za njia huhesabiwa kwa macho.

"Sita hizo, kapteni. Twende basi, abiria wameshaanza kununa."

Rubani alishika vishikio vya injini, akasita. Taa ya sita, ya mbali kabisa, ilizimika, ikawaka. Ikafuata ya tano. Kisha ya nne, taratibu, kama mtu anapita mbele ya taa hizo.

Akauliza mnara wa kuongozea ndege kama kuna mtu njiani.

"Hakuna mtu. Uwanja wote ni wenu."

Ya tatu. Ya pili.

"Haturuki," alisema, akazima injini. Kimya kikatanda, matone yakigonga kioo. Taa ya kwanza, iliyo karibu kabisa na pua ya ndege, ikazimika. Hiyo haikuwaka tena.

Ndipo masikioni mwao wote wawili pakalia "tak", ile sauti ya waya wa fundi unapochomekwa, na mtu aliyetembea kutoka mbali akaanza kuhema.