Sitaki Uwe Muuguzi Wangu

"Nyosha mguu."

"Wa kushoto au wa kulia?"

"Wowote, Sjoerd. Nina mtihani wa patofisiolojia, na wewe ndiye mgonjwa wangu wa bure."

Sjoerd akacheka, akavua soksi, akaulaza mguu mapajani kwa mchumba wake. Walikuwa chumbani kwa Wietske, mjini Leeuwarden, Friesland, mvua inapiga dirisha, chai na mkate wa sukari viko mezani. Wietske alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, amefika kwenye lile somo la namna ugonjwa unavyouvuruga mwili. Sjoerd alikuwa mfugaji. Ng'ombe wa marehemu baba yake ndio waliomlea, na sasa yeye anawalea wao.

Wietske akabonyeza juu kidogo ya kifundo kwa kidole gumba, akasubiri, akaachia.

Shimo likabaki.

Akabonyeza pembeni. Na hapo shimo likabaki, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa.

"Hii imeanza lini?"

"Nini?"

"Kuvimba huku."

"Mabuti hayo. Nashinda nimesimama bandani, ulitegemea nini?" Akauvuta mguu, akavaa soksi harakaharaka kama mtu aliyefumaniwa. "Haya, mgonjwa wako karuhusiwa kwenda nyumbani."

Akaondoka bila hata kumbusu.

Kesho yake Wietske alikuwa kwenye foleni ya kantini meseji ilipoingia:

*"Wietske, tuishie hapa. Nimepata mwingine. Usinitafute."*

Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena na tena, mwisho ikapokelewa.

"Sjoerd, huu ni utani gani?"

"Si utani."

"Jana umekula mkate wangu, umesinzia kwenye kochi langu, leo una mwingine?"

"Ndiyo."

"Nani?"

Upande wa pili ng'ombe akalia.

"Anke," akasema. "Daktari wa mifugo."

"Huyu anayekuja kwenu kuzalisha ng'ombe?"

"Huyo huyo."

"Basi mkazae ndama!" Kantini nzima ikageuka. Wietske akakata simu, akaacha sinia lake palepale, akaenda kujifungia chooni.

Alilia mpaka sauti ikakauka. Wenzake walimletea supu, akaiacha ipoe. Mwishowe hasira ikayashinda machozi. Akapanda baiskeli, upepo unamsukuma kifuani njia nzima, mpaka kijijini kwa Anke. Akabonyeza kengele kama mtu anayedai haki yake.

Anke akafungua, tumbo limemtangulia mlangoni.

"Wietske! Karibu. Nani anaumwa, mbwa?"

"Anayeumwa ni mimi. Umenichukulia Sjoerd wangu."

Anke akamtazama. Akalitazama tumbo lake. Akashika fremu ya mlango, akacheka mpaka akainama.

"Mdogo wangu, nina mimba ya miezi minane. Viatu vyangu mwenyewe sivioni, nitamwona Sjoerd wako? Mume wangu yuko jikoni anamenya viazi, ingia umuulize."

Wietske akatamani ardhi impasukie. Lakini Anke alikuwa ameshaacha kucheka.

"Kakwambia hivyo yeye mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

"Mtu akitunga uongo mbovu kiasi hicho, ujue alikuwa na haraka ya kuficha kitu." Akashusha sauti. "Nilikwenda kwao majuzi, ng'ombe amekwama kuzaa. Sjoerd alishindwa kunivutia kamba. Yule dume! Alikaa juu ya ndoo anahema kama mzee. Nikadhani mafua."

Wietske alirudi mjini. Kesho yake akaenda darasani kwa sababu tu hakujua pengine pa kwenda.

Mwalimu wao, Bibi Terpstra, alikuwa amechora moyo ubaoni, mkubwa, umelegea kama mfuko uliochakaa.

"Moyo ukichoka," alisema, "mwili haukai ukatazama. Figo zinapata damu kidogo, zinadhani mwili umekauka, zinazuia maji na chumvi. Mishipa inajibana. Moyo unachapwa ukimbie zaidi. Mwanzoni inasaidia. Mgonjwa anafanya kazi, anacheka, na hakuna anayejua. Lakini msaada ule ule ndio unaomzamisha. Maji yanashuka miguuni. Akilala chali yanamjaa mapafuni. Sasa huyo atawaambia nini, mkimuuliza kuhusu usingizi?"

"Kwamba analalia mito mingi," akajibu mmoja.

"Au?"

"Au analala amekaa," akasema Wietske, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Sjoerd na kochi. Majira yote yale ya baridi analala kwenye kochi, ameegemea, anasema kitanda kinamuumiza mgongo. Na baba yake, aliyeanguka katikati ya ng'ombe akiwa bado na nywele nyeusi kichwani. Huku Friesland kuna koo ambamo moyo mbovu unarithiwa kama shamba. Kila mtu anazijua hadithi hizo, na hakuna anayezitaja mezani.

Akabeba mkoba, akatoka mhadhara ukiendelea. Akampigia Hylkje, dada yake Sjoerd.

"Hylkje, usinizungushe. Sjoerd ana moyo wa baba yenu?"

Akasikia mtu anavuta kamasi.

"Alinikataza kusema, wifi."

"Anao?"

"Anao. Alipima msimu wa mapukutiko. Daktari alitaka alazwe, amegoma. Anasema nani atakamua."

"Na wewe?"

"Mimi sijapima. Naogopa, Wietske. Bahasha ikija siwezi kuifungua."

Sjoerd alikuwa bandani, anaweka mashine ya kukamulia kwenye chuchu za ng'ombe, taratibu, akipumzika kila baada ya ng'ombe mmoja. Alipomwona Wietske mlangoni akanyooka.

"Nilikwambia usinitafute."

"Nimetoka kwa mpenzi wako. Anakusalimu. Mumewe pia."

Sjoerd akatazama chini. Masikio yakamwiva.

"Hukupata jina lingine?" Wietske akamsogelea. "Wanawake wote wa Friesland, ukamchagua mwenye mimba?"

"Ndilo lililokuja. Alikuwa ametoka hapa muda ule."

Wote wawili nusura wacheke. Kisha Wietske akampiga kifuani kwa ngumi, halafu akakumbuka kilichomo ndani ya kifua kile, akauondoa mkono kama aliyeungua.

"Unaona?" Sjoerd akasema. "Unaona ulivyofanya? Ndicho nilichokikimbia."

"Nini?"

"Hicho! Siku ile uliponibonyeza mguu niliuona uso wako. Ulikuwa unanitazama kama mchumba, ukaanza kunitazama kama kitabu. Sitaki uwe muuguzi wangu, Wietske. Utakuwa na wagonjwa maisha yako yote. Nilitaka mtu mmoja tu duniani aniangalie asione ugonjwa."

"Kwa hiyo ukaona heri nikuchukie."

"Mtu anayechukia anapona upesi."

"Nani kakudanganya?"

Sjoerd akaketi kwenye ukingo wa sementi. Alikuwa analia bila sauti, kama wanaume wa kwao wanavyolia.

"Na watoto je?" akasema. "Ulitaka wanne. Kila mmoja wao ni kurusha shilingi hewani. Mama alizika mume. Wewe uzike mume na mtoto?"

Wietske akapiga magoti kwenye majimaji ya bandani.

"Nisikilize, mume wangu. Kunificha zawadi ya sikukuu, ruksa. Moyo, hapana. Huo ulinipa mwenyewe. Kama hutaki muuguzi, wauguzi wako hospitalini tele, wanalipwa. Mimi nitakuja kama mchumba wako, nitakula zabibu utakazoletewa, nitalalamikia chai yao. Lakini unakwenda."

"Na ng'ombe?"

"Nifundishe hiyo mashine."

Akalazwa. Walimtoa maji mwilini kwa dawa, akapungua mpaka suruali ikawa haishiki kiuno. Wakampandikiza kifaa kifuani cha kuushtua moyo ukipotea njia. Madaktari wakasema wazi: dawa zitavuta muda, lakini anahitaji moyo mwingine. Akaingizwa kwenye foleni ya kusubiri. Wietske akawa anasoma hospitalini, kitabu kimefunguliwa juu ya shuka.

"Unasoma nini?"

"Wewe."

"Nimefika ukurasa gani?"

"Sikwambii," akasema, akafunga kitabu, akapanda kitandani pembeni yake.

Walifunga ndoa wodini majira ya kuchipua. Ofisa wa manispaa anayefungisha ndoa alikuja na joho lake, akanawa mikono kama kila mtu. Anke alikuja na mwanawe mchanga, wakamzuia mlangoni kwa sababu ya maambukizi, naye akapunga mkono kupitia kioo. Hylkje alileta keki yenye sukari ya waridi juu. Sjoerd alikubali kwa sauti iliyokatika katikati, akavuta hewa ya mrija, akarudia neno zima.

"Ili mke wangu asije akasema sikumaliza," akamweleza ofisa.

Usiku wa harusi walilala wamekaa.

Moyo wa kumfaa haukupatikana. Figo zikafuata, kisha ini, kila kiungo kikimvuta mwenzake, kama ilivyoandikwa vitabuni. Wietske alikijua kila kinachokuja kabla hakijaja, na kujua hakukumpunguzia hata chozi. Sjoerd alipoomba kile kifaa kizimwe, kisimrushe tena, alimuuliza kwanza mkewe.

"Unaniruhusu?"

"Sikuruhusu," akasema Wietske. "Lakini sikuzuii."

Alifariki asubuhi, mkono wake ukiwa chini ya blauzi ya mkewe, hapo alipopenda kuuweka apate joto.

Walimzika jirani na baba yake. Watu walikunywa kahawa, wakala mkate, wakasema maneno machache kama kawaida ya huko. Wote walipokwisha kuondoka, Hylkje akamvuta Wietske nyuma ya nyumba.

"Nilipima, wifi. Nilimwahidi kaka. Majibu yamekuja wiki hii, sikuthubutu kusema kaka akiwa vile."

Wietske akamshika mabega. "Sema."

"Sina."

Badala ya kufurahi, Hylkje akaanguka kifuani kwake, analia kwa uchungu kama aliyeiba.

"Baba mmoja, mama mmoja! Kwa nini yeye? Wewe umesoma, niambie, kwa nini yeye na si mimi?"

Wietske akamkumbatia, akatafuta kichwani mwake kila alichofundishwa: figo, chumvi, mishipa, moyo.

"Mimi nimefundishwa jinsi inavyotokea, Hylkje," akasema. "Kwa nini, hakuna aliyenifundisha."

Wakasimama wameshikana mpaka ng'ombe wakaanza kupiga kelele, viwele vimewajaa. Wietske akafuta uso kwa mkono wa gauni lake jeusi, akavaa mabuti, akatangulia kuingia bandani.