Kimbunga Anakuja, Kimbunga Kinakuja

Shangazi yetu, dada yake baba, tunamwita Kimbunga. Akifika, makochi yanahamishwa, sufuria zinasuguliwa upya, na baba anaulizwa ameoga lini.

Siku moja simu ya baba ililia. Ujumbe ulitoka kwa mjomba, kaka yake mama. Baba akausoma kwa sauti: "Kimbunga kinakuja kesho mchana. Jiandaeni."

Baba alikasirika. "Mama watoto, kaka yako hana adabu! Dada yangu ni kitu? Eti kinakuja! Mtu anakuja."

"Msamehe, shule aliikimbia," mama alisema. "Wifi anakuja na nyumba iko hivi?"

Kesho yake asubuhi tulianika magodoro yote nje. Tukafungua madirisha yote.

Jirani yetu, fundi wa mabati, alipita mbio na ngazi begani. Akasimama.

"Jamani! Redio inatangaza kimbunga, ninyi mnakitandikia magodoro?"

"Kimbunga ni dada yangu, anakuja leo," baba akajibu.

"Kinakuja, kaka, si anakuja! Kimbunga ni dhoruba kubwa. Ni upepo wa nguvu wenye mvua, unazunguka kama pia. Unang'oa mapaa."

Baba alitazama bati lililolegea. Chini yake, chumbani, mdogo wangu alikuwa amelala. Baba akakimbilia ngazi.

Fundi aligongelea bati misumari. Mimi na mama tuliingiza magodoro na ndoo, tukafunga madirisha, tukaweka akiba ya maji ya kunywa.

"Kaeni chumba cha kati, mbali na madirisha," fundi alisema. "Upepo ukitulia ghafla, msitoke. Huenda ni jicho la kimbunga, yaani katikati yake. Upepo utarudi kutoka upande wa pili."

"Kama wifi," mama akasema. "Akinyamaza, anavuta pumzi."

Mchana kilikuja kweli. Paa lilinguruma. Kisha kimya. Baba akataka kuchungulia nje. Mama akamkamata shati.

"Kinavuta pumzi!"

Baada ya muda upepo ulirudi. Kwenye ufa wa mlango tukaona mlango wa choo ukipita uani, ukiruka kama karatasi. Baba akakaa chini, bila kuambiwa.

Jioni bati lilikuwa mahali pake, na sote tulikuwa wazima. Simu ikalia. Safari hii ujumbe ulitoka kwa shangazi mwenyewe: "Poleni. Kimbunga anakuja kesho. Jiandaeni."

"Kumbe jina lake analijua!" mama akanong'ona.

Baba alisoma tena, kidole juu ya kila herufi. "A-na-ku-ja." Akachungulia dirishani.

"Fundi! Huyu naye tunamfungia madirisha, au tunamfungulia?"