Kitufe Kilicho Ndani ya Mabano

Je, wewe ungejisikiaje, mwanao akimpigia wifi yako kila siku, nawe simu unayo kiunoni?

Ndivyo ilivyomkuta Winfrida, mkulima wa mboga wa Mlali. Ilikuwa miaka ile makampuni ya simu yalipoanza kushindana. Binti yake Kristina, mjamzito wa miezi tisa, alimtumia simu kutoka Turiani, pamoja na kijitabu cha maelekezo yake. Lakini simu haikulia hata mara moja. Kila jioni alikuja Regina, dada wa mumewe, simu yake ikining'inia shingoni kwa kamba nyekundu.

"Wifi, Kristina anakusalimu. Miguu imemvimba."

"Nimesikia," alijibu Winfrida, akichambua mchicha. Moyoni alichemka. Nizae mimi, miguu aijue Regina!

Akiwa peke yake alifungua kijitabu. Kilikuwa kimeandikwa hivi:

Kufungua vitufe: [Menyu] > [*]
Kurudisha mlio: shikilia [#]

Alibonyeza Menyu. Akabonyeza kitufe chenye mshale. Akabonyeza nyota. Wapi! Mabano nayo aliyatafuta, hayakuwepo.

"Mimi nimepewa mbovu," akasema. "Nzima anayo Regina."

Jumamosi asubuhi Regina alifika bustanini akihema.

"Wifi! Kristina ameshikwa na uchungu. Kakupigia mara nane, hupokei!"

Winfrida akaifungua khanga, akaitazama simu. Kweli, mara nane.

"Nionyeshe, wifi. Sijui."

Regina akaweka kidole kwenye kijitabu. "Mabano hayabonyezwi. Ni uzio tu. Kilichomo ndani ndicho kitufe. Mshale huu maana yake 'kisha'. Menyu, kisha nyota. Na 'shikilia' ni kutoachia kidole mpaka simu ijibu."

"Nani kakufundisha?"

"Fundi wa Msamvu. Nilihangaika wiki mbili! Ningekwambia, lakini ulivyokuwa umenuna, nani angethubutu?"

Winfrida akabonyeza Menyu, kisha nyota. Vitufe vikafunguka. Akashikilia #, alama ya reli, mpaka mlio ukarudi. Akampigia Kristina, hakupokea. Wakangoja, wameketi tutani.

Saa nane mchana simu ililia, kuku wakatimka.

"Shikamoo, mama. Ni wa kike. Tuko salama."

"Marahaba, mwanangu!"

Regina akasogeza sikio. Winfrida akageuka upande.

"Kristina, nisikilize. Kuanzia leo uniambie mimi kwanza. Shangazi yako nitamwambia mwenyewe."