Chakula Kisicho na Mwiba

Jumanne wakati wa mapumziko, watoto wakikimbizana nje chini ya minazi, Mwalimu Lupesina alichana karatasi katikati ya daftari akaandika chakula cha jioni. Magimbi ya kuchemsha. Majani ya magimbi kwa tui la nazi. Nyama ya kopo, ya kukaanga na vitunguu. Wali wa kakao. Aliisoma orodha hiyo mara mbili, kama anavyosahihisha insha, akitafuta kosa la aina moja tu. Hakuliona. Katika chakula hicho chote hamkuwa na mfupa wala mwiba.

Mgeni alikuwa Akenese, mwalimu mwenzake waliyesoma naye chuo. Alifika asubuhi hiyo kwa meli kutoka Apia, mji mkuu, akae siku mbili awaonyeshe walimu wa kijiji vitabu vipya vya kusomea. Kulala, angelala kwa mchungaji. Lakini chakula cha jioni angekula kwa Lupesina. Mwalimu mmoja aliposikia hivyo akauliza taratibu kama haingekuwa vizuri wakala pale shuleni.

"Nina nyumba," Lupesina alijibu. "Mtu mwenye nyumba hamlishi mgeni wake darasani."

Kila mtu kijijini aliijua nyumba hiyo. Ilikuwa ya mama yake mkubwa, Sieni, ambaye hakuolewa, na kwa miaka arobaini ndiye aliyewapikia wageni wote wa ukoo. Kwa desturi mgeni hula kwanza, wenyeji wakikaa pembeni na pepeo wakimfukuzia nzi, na wapishi hula kinachobaki. Sieni alikula kinachobaki miaka yote hiyo, peke yake katika jiko la nyuma. Mara nyingi vilikuwa vichwa vya samaki. Alivila polepole, na kila mwiba aliutoa mdomoni akaulaza ukingoni mwa sahani, mkubwa kwa mdogo, yote imepangwa sawasawa kama meno ya kitana. Lupesina, aliyelelewa naye, alipenda kumtazama akipanga.

Jioni moja, miaka kumi na miwili iliyopita, walikuja wageni wa kanisa. Lupesina alikuwa na miaka kumi na sita na ndiye aliyeshika pepeo. Katikati ya vicheko alisikia sufuria ikigongwa kule jikoni. Mara tatu. Alidhani mama mkubwa anataka vyombo. Hakuinuka, kwa sababu wageni walikuwa bado wanakula, na mgeni haachwi. Baada ya muda akasikia tena mara tatu, kwa udhaifu.

Walipopeleka mabaki walimkuta Sieni ameegemea nguzo, mwiko mkononi, uso umekuwa mweusi. Mwiba ulikuwa umemkwama kooni.

Tangu hapo wageni watatu walikuwa wamekabwa na mwiba katika nyumba ile. Wa kwanza alikuwa amekula samaki, basi watu wakasema ni bahati mbaya. Wa pili alikuwa amekula kuku. Wa tatu, mzee Peniamina, alikuwa amekunywa chai na mkate tu. Hospitali walimtoa mwiba wa urefu wa kidole, na hadi leo anazungumza kwa kunong'ona.

Mjomba Tuiala, mkuu wa ukoo, alikuwa ametamka mbele ya watu wote. "Akikabwa wa nne, tunaibomoa. Wewe na mama yako mtahamia kwangu, na kaburi la Sieni tutalihamisha liende mbali na njia."

"Mjomba, yule ni mama mkubwa. Si mbwa wa kufukuzwa."

"Na mgeni wako ni nani? Panya wa kufanyia majaribio?"

Lupesina alijua kwamba nyumba isiyoweza kulisha mgeni imekwisha kufa, hata kama haijabomolewa. Hakutaka Sieni akumbukwe kama kitu cha kuogopwa. Na hakutaka kuhama kwa sababu ya mwiba.

Alipofika nyumbani alasiri, alimkuta mama yake, Fiasili, ameinama jikoni akifunga kitu kwa majani ya mgomba.

"Mama, hicho ni nini?"

"Hakuna."

"Hakuna ina mkia?"

Fiasili akashika kiuno. "Mkizi. Ndiyo, mkizi! Mwalimu anatoka Apia, anavuka bahari, halafu unamwekea nyama ya kopo kama mtu aliyekimbia kimbunga? Nitaficha wapi uso wangu?"

"Tulikubaliana, mama. Hakuna samaki."

"Nimekubaliana na nani? Wewe ulikubaliana na karatasi yako."

Mwishowe waliafikiana kwamba samaki ataokwa lakini hatatoka jikoni. Fiasili alimlaza juu ya mawe ya moto, akamfunika, akatoka akinung'unika kwamba siku hizi watoto wanasoma hadi wanasahau kulisha watu.

Akenese aliingia saa kumi na mbili, mnene, mcheshi, jasho likimtiririka. Aliwabusu wote wawili, akaketi kwenye mkeka katikati ya nyumba, ambayo haikuwa na kuta, nguzo tu, na mapazia ya makuti yamekunjwa juu.

"Mwalimu mwenzangu, mbona umekonda hivi? Au mshahara wote unaliwa na chaki?"

"Wewe umenenepa kwa niaba yangu."

Walicheka. Lupesina akajisikia vizuri. Magimbi yalikuwa yameiva, tui lilikuwa zito, na mbele ya nyumba vigae vyeupe vya kaburi la Sieni vilikuwa vimeoshwa na vinang'aa.

Kengele ya kwanza ya sala ikalia. Ilikuwa mtungi mtupu wa gesi ulioning'inizwa mtini karibu na kanisa, na ulipopigwa kila kitu kilisimama. Saa hiyo hakuna mtu anayepita. Barabarani wanaume wa kijiji, wamevaa shuka nyeusi, husimama kila baada ya hatua mia kuwazuia wapitao, hadi kengele ya mwisho. Fiasili alianzisha wimbo, akaomba kwa kirefu, kisha wakasubiri kengele ya mwisho.

Lupesina alifungua macho. Mwanamke alikuwa anapita barabarani.

Alitembea taratibu, kichwa kimeinama, kitambaa begani. Na Lupesina, kwa mazoea ya maisha yake yote, kama anavyomwita yeyote apitaye mbele ya nyumba yenye chakula, akapaza sauti.

"Karibu! Njoo ule!"

Mama yake alimshika mkono. Vidole vilikuwa vya baridi.

"Umemwita nani?"

Ndipo Lupesina akaelewa. Mlinzi wa barabarani alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwa yule mwanamke. Hakugeuka. Hakumzuia. Alikuwa anatazama bahari na kupiga miayo.

Mwanamke alisimama. Kisha akaiacha barabara, akapita kando ya kaburi, akaizunguka nyumba. Hakuja upande wa wageni. Alikwenda nyuma, jikoni, kama mtu anayejua pa kukaa.

Kengele ya mwisho ikalia.

"Tule sasa," Akenese alisema, "la sivyo nitaanza na mkeka."

Fiasili alitikisa kichwa kumwambia bintiye asipakue. Lupesina alimwona. Alimtazama pia mgeni wake, amekaa na njaa yake katika nyumba yake. Kama asingempa chakula leo, asingempa mtu yeyote tena. Akapakua. Akamwekea sinia mbele, akachukua pepeo, akakaa.

Akenese alikula gimbi. Akala majani. Akasifu tui. Alikuwa anasimulia kichekesho cha mkuu wa shule mmoja na suruali yake alipokatiza neno katikati.

Akashika koo.

Jikoni, sufuria ikagongwa. Mara tatu.

"Maji," Fiasili alisema. "Mpe maji! Mpige mgongo!" Mwenyewe alikuwa ameshapiga magoti, anapiga. Akenese alifungua mdomo na hakuna sauti iliyotoka. Macho yake yalimkodolea Lupesina. Yalikuwa yanamwomba asiondoke.

Sufuria ikagongwa tena. Mara tatu. Kwa udhaifu.

Mgeni haachwi. Lupesina alilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Alilitii mara moja, akiwa na miaka kumi na sita, na amelibeba mgongoni tangu siku hiyo.

Aliweka pepeo chini. Akainuka.

"Unakwenda wapi?" mama yake alinong'ona. "Lupe! Anakufa!"

"Najua anayekufa," alisema, akatoka.

Jiko lilikuwa na giza isipokuwa wekundu wa mawe. Mtu alikuwa amekaa chini, ameegemea nguzo, amempa mgongo. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Yalipanda zaidi. Hayakushuka. Mwiko ulikuwa mkononi.

Lupesina alisimama mlangoni.

"Nimekuja," alisema. "Unasikia? Nilisikia siku ile, na sikuja. Kosa ni langu. Si la mzee Peniamina, si la huyu. Kama una deni, nidai mimi."

Yule mtu hakugeuka. Mwiko ukainuka kidogo, ukatafuta sufuria.

"Usigonge tena. Nimekuja, nimesema!"

Akapiga hatua tatu. Kulikuwa na harufu ya udongo na ya mafuta ya nazi, yale ambayo Sieni alijipaka nywele Jumapili. Lupesina alifungua kiganja. Akampiga katikati ya mabega, kwa nguvu, kama anavyopigwa mtu aliyekabwa.

Kitambaa kilikuwa na maji. Chini ya kitambaa kulikuwa na baridi.

"Toa!"

Akapiga tena.

"Mgeni wangu humchukui! Nyumba yangu huichukui! Toa, mama mkubwa, toa upumue!"

Akapiga mara ya tatu. Huko mbele, Akenese akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kimoja kirefu, chenye kukwaruza, na baada yake pumzi ikaingia kwa mlio. Na pale jikoni, chini ya kiganja cha Lupesina, mtu mwingine naye alivuta pumzi. Aliivuta taratibu. Aliivuta kwa muda mrefu sana.

Kisha kiganja kilikuwa kimeegemea nguzo.

Aliporudi mbele, Akenese alikuwa amekaa, machozi yakimtoka, leso mdomoni. Ndani ya leso kulikuwa na mwiba mmoja uliojikunja, mweupe, mbichi.

"Umetoka wapi?" aliuliza kwa sauti iliyokwaruzika. "Nimekula majani. Nimekula majani tu!"

Lupesina hakumdanganya. Alimweleza yote, hapo hapo, bila kupunguza. Mwishoni Akenese akaivuta sinia karibu.

"Basi wali wa kakao uko wapi? Siwezi kufa nusu halafu nikakosa na wali."

Alfajiri Fiasili alikwenda jikoni kumtupa yule mkizi. Majani yalikuwa hayajafunguliwa, fundo ni lile lile alilofunga mwenyewe. Lakini alipoyafungua na kumbonyeza samaki kwa kidole, nyama ilibonyea hadi ngozi ya upande wa pili, bila kukuta mwiba. Ngozi ilikuwa nzima, haikuwa na mpasuko popote.

"Mzike huyu," alisema. "Mzike mbali."

Lupesina alichukua sahani, akakaa pale pale penye nguzo, akamla. Alimla kuanzia mkia hadi kichwa, kwa vidole, mama yake akimtazama mdomo. Hakutoa mwiba hata mmoja. Miiba haikuwemo.

Aliiona alipotoka kwenda shuleni. Ilikuwa juu ya vigae vyeupe vya kaburi, safi kama iliyolambwa, mkubwa kwa mdogo, imepangwa sawasawa kama meno ya kitana. Katikati ya mstari palikuwa na pengo la mwiba mmoja.

Alichuchumaa. Kisha akafungua leso ya Akenese aliyokuwa ameihifadhi mfukoni, akautoa ule mwiba uliotoka kooni mwa mgeni wakati samaki bado amefungwa kwenye majani, akaulaza kwenye pengo. Ulitosha kabisa.

Hakuifagia. Siku hiyo, wakati wa mapumziko, alichana karatasi nyingine katikati ya daftari. Mjomba Tuiala alikuwa amealikwa Ijumaa, aje aone kwa macho yake. Lupesina aliandika kwanza: mkizi. Akamfikiria anayekula jikoni, akaongeza mbele yake: wawili.